Kabla Hujalipa Ada ya Gofu: Somo kwa Mgeni Klabuni

Mwezi jana mwenzetu mmoja ofisini alialikwa na mteja kucheza gofu Jumamosi. Hakuwa amewahi kukanyaga uwanja wa gofu isipokuwa kwa harusi ya binamu yake. Akauliza swali moja tu, "Mgeni analipa ngapi?" Akajibiwa, "Elfu tatu na mia tano." Akaweka shilingi 7,000 kwenye simu, akaona amejipanga vizuri na hata chenji itabaki.

Saa kumi jioni alikuwa amesimama kando ya maegesho ya klabu. Ada ya uwanja, 3,500. Kukodi vijiti vya kuchezea, 2,000. Chakula cha mchana, 1,000. Simu ilikuwa imebaki na 500, na mbele yake alisimama kijana aliyembebea begi kwa mashimo 18, akimwonyesha wapi pa kupiga, akingoja 1,200 zake na kitu kidogo cha shukrani juu yake. Mwenzetu akasema neno ambalo sisi Wakenya tumelizoea sana: "Nitakutumia."

Tutarudi kwa huyo kijana. Kwanza tuelewane jinsi pesa ya gofu inavyotembea, kwa sababu wateja wetu wengi siku hizi wanaalikwa kwenye siku za gofu za kampuni, za benki na za kuchangisha pesa za shule, na wengi wanaenda wakijua bei moja tu. Namba tulizotaja ni za siku hiyo moja. Kila klabu ina bei zake na hubadilika, kwa hivyo zichukue kama mfano na upige simu kuuliza za kwako.

Ada ya mgeni ni nini hasa?

Klabu nyingi za zamani hapa Kenya ni za wanachama. Mwanachama hulipa kiingilio kikubwa mara moja anapojiunga, halafu hulipa ada ya kila mwaka. Hizo pesa ndizo hutunza nyasi, hulipa wafanyakazi, hununua mbolea na mafuta ya mashine za kukata nyasi, na hupiga pampu za maji wakati wa kiangazi. Mgeni hajachangia chochote katika hayo. Kwa hivyo siku anapokuja kucheza, hulipa sehemu yake ya siku hiyo. Hiyo ndiyo ada ya uwanja.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba ada hiyo hununua kitu kimoja tu: ruhusa ya kutembea na kucheza uwanjani, iwe ni mashimo tisa au 18. Haihusishi vijiti, mipira, gari dogo la kukubeba, kedi wala chakula. Hapo ndipo mwenzetu alishikwa. Ukijumlisha siku yake yote, pamoja na 1,500 za kedi na shukrani, ilikuwa shilingi 8,000. Bei aliyoambiwa ilikuwa chini ya nusu.

Tena, "mgeni" si mtu mmoja. Mgeni aliyeletwa na mwanachama mara nyingi hulipa kidogo kuliko mgeni aliyejileta mwenyewe. Mwanachama wa klabu nyingine yenye makubaliano na hiyo hupata bei yake. Hoteli zenye viwanja vya gofu nazo huwa na bei ya mkazi wa Kenya au Afrika Mashariki na bei ya mtalii. Watoto na wanafunzi hupunguziwa sehemu nyingi. Kwa hivyo ukiuliza "mgeni ni ngapi?" utapata jibu la kweli ambalo huenda si lako. Uliza hivi: "Naletwa na mwanachama, ni Jumamosi, mashimo 18, naishi Kenya. Nitalipa ngapi, na ni nini hakimo kwenye hiyo bei?"

Kwa nini Jumamosi ni ghali kuliko Jumanne?

Fikiria matatu. Kiti kikiondoka stendi kikiwa kitupu, ile nauli imepotea. Huwezi kuiuza kesho. Ndiyo maana makanga hushusha bei saa nne asubuhi na kuipandisha saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Uwanja wa gofu uko hivyo hivyo.

Hebu tupige hesabu. Wachezaji huanza kwa makundi ya watu wanne, na tuseme kundi moja huondoka kila baada ya dakika 10. Hayo ni makundi sita kwa saa, watu 24. Raundi ya mashimo 18 huchukua zaidi ya saa nne, mara nyingi karibu nne na nusu. Sisi tuko kwenye ikweta, giza huingia karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Kwa hivyo anayetaka kumaliza mashimo yote anafaa awe ameanza kabla ya saa nane mchana. Uwanja ukifunguliwa saa moja asubuhi, una saa saba za kuanzisha watu. Saba mara 24 ni watu 168, na hapo ni siku ambayo hakuna mvua na hakuna kundi linalotembea pole pole kama maandamano.

Jumamosi nafasi hizo zinagombaniwa na wanachama, wageni na mashindano. Jumanne asubuhi nyingi hulala tu. Kwa hivyo klabu hupandisha bei ya mgeni wikendi ili kulinda nafasi za wenye klabu, na huishusha katikati ya wiki ili kiti kisiondoke kitupu. Kama ratiba yako ya kazi inakuruhusu, siku ya kujifunzia gofu bila kuumiza mfuko ni katikati ya wiki. Ukitaka kupunguza zaidi, uliza kama kuna bei ya mashimo tisa, au ya wanaoanza alasiri.

Gofu imekuwa biashara tangu lini?

Gofu ililetwa hapa na walowezi. Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, wakati jiji lenyewe lilikuwa bado linatafuta sura. Kwa miaka mingi Mwafrika aliingia viwanja hivyo akiwa mkata nyasi au mbeba begi. Baada ya uhuru milango ikafunguka, ingawa haikufunguka kwa bei. Huko mashambani, kampuni za chai na sukari nazo zilijenga viwanja vyao. Ndiyo maana utakuta gofu Kericho, Nandi Hills na Mumias.

Halafu kukaja aina nyingine ya uwanja: ule uliojengwa tangu mwanzo kuuzia wageni. Windsor iliyo nje kidogo ya Nairobi, Leisure Lodge kule Diani, Vipingo Ridge katika kaunti ya Kilifi. Hapo mgeni si msumbufu anayepewa nafasi iliyobaki. Yeye ndiye biashara. Analala, anakula, anacheza, na wakati mwingine anauziwa hata nyumba kando ya uwanja.

Mashindano nayo yamekua. Kenya Open ilianza mwaka 1967, na mwaka 1978 Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda hapa. Mwaka 2019 shindano hilo liliingia kwenye ratiba kuu ya Ulaya. Pamoja na runinga wakaja wadhamini, na wadhamini waligundua kitu ambacho kampuni zote sasa zinajua: ukimtembeza mteja saa nne kwenye nyasi, bila mkutano na bila slaidi, atakusikiliza. Ndipo siku za gofu za kampuni zikazidi, na ndipo wewe ukapata ule mwaliko.

Je, hiyo ni mbaya? Inategemea unasimama wapi. Mwanachama aliyelipa kiingilio chake miaka 20 iliyopita huona Ijumaa imefungwa kwa sababu ya kampuni fulani, mabango kila shimo, na foleni ambayo haikuwepo. Ana haki ya kunung'unika. Lakini klabu ndogo ya kaunti yenye wanachama wachache haiwezi kulipa bili ya maji kwa ada zao pekee. Siku moja ya wageni inaweza kuokoa mwezi. Na kwa makedi, uwanja uliojaa ni chakula mezani.

Tuseme ukweli wetu pia: sisi ni kampuni ya malipo, na malipo yakiongezeka sisi hupata. Kwa hivyo usituchukue kama waamuzi wa mjadala huu. Tunachoweza kukufundisha ni kulipa ukijua unalipia nini.

Nyumbani kwa gofu wanafanyaje?

Wengi hudhani gofu tangu asili ni mchezo wa kufungiana milango. Sivyo. Kule St Andrews, Uskoti, ndiko mtindo wa mashimo 18 ulikotoka, mwaka 1764. Uwanja wao maarufu, Old Course, si mali ya klabu yoyote. Ni uwanja wa umma, unaosimamiwa na taasisi iliyoundwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1974. Mkazi wa mji hununua tiketi ya mwaka kwa bei nafuu. Mgeni kutoka nje hulipa ada kubwa kwa raundi moja tu, na pesa hizo hurudi kutunza viwanja.

Nafasi nyingine hutolewa kwa kura: unaweka jina, linachezeshwa, na unajua siku mbili kabla kama umepata. Jumapili uwanja hufungwa kwa gofu, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa, na watu wa mji hutembea humo na mbwa wao.

Kwa hivyo mgeni kulipa zaidi si uonevu peke yake. Kinachohesabika ni pesa yake inafanya nini baadaye, na mtoto anayeishi nyuma ya ukuta anapata nini. Hilo ni swali zuri la kuuliza klabu yoyote, hata ya hapa kwetu.

Kabla hujatoka nyumbani: maswali saba

Piga simu klabuni au muulize aliyekualika. Andika majibu.

1. Ada ya uwanja ni ngapi kwa mgeni wa aina yangu, siku hiyo?
2. Kama ni mashindano, kiingilio cha mashindano kiko ndani ya ada au ni kando?
3. Vijiti vya kukodi vipo, na ni ngapi?
4. Kedi ni lazima? Hulipwa ngapi, na hulipwa na klabu au na mimi moja kwa moja?
5. Gari dogo ni lazima au naweza kutembea?
6. Nahitaji cheti cha hendikapu? Kuna klabu ambazo hazimruhusu mgeni asiye nacho, hata awe na pesa. Mfumo wa sasa wa dunia, ulioanza mwaka 2020, unamruhusu anayeanza kupewa hendikapu hadi 54, kwa hivyo usiogope kuulizia.
7. Mavazi yanayokubalika ni yapi? Ukifika na jinzi na fulana isiyo na kola, unaweza kujikuta dukani kwao ukinunua shati ambalo hukulipangia bajeti.

Jumlisha yote, halafu ongeza kidogo kwa dharura. Hiyo ndiyo bei ya siku yako. Kama imezidi uwezo, sema mapema. Hakuna mteja atakayekuvunjia mkataba kwa kusema, "Nitakuja kwa chakula cha mchana." Na kama wewe ndiye mwenyeji, mwambie mgeni wako bei yote, si ada peke yake. Ukiweza kumlipia kedi, mwambie hilo pia.

Siku yenyewe: lipa hivi

Lipia ofisini, kwa namba iliyobandikwa hapo. Kama umetumiwa namba ya Till au Paybill kwa meseji na mtu usiyemjua, ati "lipa sasa nafasi zinaisha", piga simu ya klabu kwanza. Usipige ile namba iliyokutumia meseji.

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina la biashara likionekana kwenye simu, lilinganishe na jina la klabu. Likiwa jina la mtu binafsi, simama. Kufuta muamala kabla ya PIN ni bure. Kuufuata baada ya PIN ni safari.

Kwenye Paybill, kuwa makini na namba ya akaunti. Klabu nyingine hutumia namba ya mwanachama aliyekualika. Ukikosea tarakimu moja, ada yako itamwingia mwanachama mwingine, na wewe utaonekana hujalipa.

Uliza nani anabeba gharama ya muamala. Ukilipa kwa Till, mteja kwa kawaida hakatwi. Kwa Paybill hutegemea mpango ambao biashara imechagua: inaweza kubeba yenyewe, ukabeba wewe, au mkagawana.

Ukiwa umetumwa na ofisi, toa PIN ya KRA ya kampuni kabla ya kulipa. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara inahitaji ankara ya eTIMS ili ikubalike kwenye hesabu za kodi. Meseji ya malipo ni ushahidi kwamba pesa ilitoka kwako, lakini si ankara. Mhasibu akikataa kukurudishia, usimkasirikie.

Mkiwa wanne, kila mtu ajilipie. Tunajua ni rahisi mmoja kulipa yote halafu wengine "watatuma." Tunaona miamala hiyo kila siku. Wawili hutuma hapo hapo, na wa tatu hutuma baada ya urafiki kupoa.

Kedi alipwe kabla hujabadilisha viatu

Sehemu kubwa ya makedi hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa raundi. Mvua ikinyesha, hakuna raundi. Uwanja ukikarabatiwa, hakuna raundi. Akifika saa kumi na mbili asubuhi na asichaguliwe, amelipa nauli bure. Na hawa si watu wa kubeba begi tu: wachezaji wengi wa kulipwa tulio nao Kenya walijifunza gofu wakiwa makedi. Ule mteremko ambao wewe huuoni kwenye nyasi, yeye anaujua kama njia ya kwao.

Kwa hivyo pesa za kedi zitenge kabla ya mchezo. Kama una kipengele cha akiba kwenye akaunti yako, ziweke humo asubuhi ili chakula kisizimeze. Mkishamaliza shimo la mwisho, mwombe ataje namba yake, wewe uiandike moja kwa moja kwenye simu, jina lake litokee, alisome yeye mwenyewe. Halafu ubonyeze. Asiondoke mpaka simu yake iite.

Na kwako wewe kedi, kama unasoma: usitosheke na meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mchezaji. Angalia salio lako. Meseji za uongo zipo, na watu waungwana kwa macho nao wapo.

Sasa, yule kijana. Mwenzetu aliandika namba yake kwa penseli nyuma ya kadi ya matokeo. Jumatatu asubuhi akatuma 1,500, akahisi amelipa deni, akasahau. Ile 1 ya penseli ilikuwa 7. Pesa zikaenda kwa mtu asiyejulikana, ambaye alizitoa ndani ya dakika chache. Tulipoomba zirudishwe, akaunti ilikuwa tupu. Na hapa tunajilaumu sisi, watu wa malipo, tunaofundisha wengine wasome jina kabla ya kuweka PIN.

Kijana naye hakuwa na namba ya mwenzetu. Alichojua ni kwamba mzee fulani mcheshi alimwahidi, na siku zikapita. Ijumaa yule mteja aliporudi klabuni, kedi alimuuliza kwa adabu, "Yule rafiki yako alifika nyumbani salama?" Hakutaja pesa. Mteja ndiye aliyeelewa, akatupigia simu.

Mwenzetu alituma 1,500 nyingine jioni hiyo hiyo, safari hii jina likisomwa kwa sauti pande zote mbili. Siku ya gofu ikawa imemgharimu 9,500. Alisema zile 1,500 za mwisho hazikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kwa siku sita mtu aliyemfanyia kazi saa nne na nusu juani alilala akijua amedanganywa.

Ukipata pesa zisizo zako kwenye simu, usizitoe. Tupigie huduma kwa wateja. Ukikosea kutuma, tupigie papo hapo ukiwa na namba ya muamala, kwa sababu tunaweza kuzuia pesa zilizoko, si zilizoshatolewa. Na ukialikwa gofu wikendi hii, chukua yale maswali saba, piga hesabu yako, na uanze na pesa ya kedi. Tukutane uwanjani.